Kijani Bila Moto

Dadu ilitua kwenye sita, na Wasike akanyoosha mkono kuitoa kete yake.

“Ngoja, mgeni,” msimamizi wa karakana alimzuia. “Sita ni kijani tu, taa ya kuondoka. Upate moja kwanza, uwashe moto wa injini.”

Mafundi wakacheka. Tangu alipohamia karakana ya treni Nakuru mwezi uliopita, Wasike alikuwa akijifunza kwa bidii maneno yao ya ludo. Atakayeshindwa leo ndiye angebaki zamu ya Krismasi, naye alikuwa bado hajamwona mtoto wake aliyezaliwa Bungoma.

Msimamizi akarusha, akapata sita. Akaitoa kete yake papo hapo.

“Na moto wako, mzee, umeuwasha saa ngapi?” Wasike aliuliza.

“Rusha, bwana! Wacha maneno mingi.”

Wasike aliifinya ile dadu ya mfupa, iliyonuka grisi, hata pembe zake zikamchoma kiganjani. Kisha akaunyakua ubao wa ludo, kete zikatawanyika sakafuni.

Chini ya ubao lilikuwa limefunuliwa daftari la zamu. Mbele ya tarehe ishirini na tano Desemba jina lake lilikuwa limekwisha andikwa, kwa wino uliokauka zamani.

Wasike aliichomoa kalamu mfukoni mwa msimamizi, akalikata jina lake, akauliza kwa sauti ya chini:

“Jina lako, mzee, linaandikwaje?”