Tundu la Skrubu

Kidole gumba cha Mama Pacha kilipapasa ganda la mashine mpya ya gemu, kikatafuta tundu, kikakosa.

Akaligeuza. Laini tupu, kama kipande cha sabuni. Miaka yote kazi yake kiwandani ni moja tu, kukaza skrubu za pale pembeni, mpaka kiganja kimeota sugu ya mpini wa bisibisi.

"Unalibembeleza hivyo, linataka kunyonya?" Chiriku, jirani yake wa mezani, akamtania.

"Mwenzangu, matundu hayapo."

Msimamizi alikuwa anapita. Mama Pacha akamwinulia ganda. "Bosi, hili nifunge wapi?"

"Hilo halifungwi, mama. Linabonyezwa tu kule mwisho wa mkanda, linabana lenyewe." Hakumtazama usoni. "Si mlisikia kwenye kikao? Vipuri vimepanda, na bei ya dukani ikipanda tena hakuna atakayenunua. Lazima tupunguze gharama za kutengeneza."

Alisikia. Bosi mkubwa alipotangaza kwamba mashine mpya itakuwa nafuu kutengeneza, Mama Pacha alipiga makofi kuliko wote. Alidhani sasa hata wanawe wataipata.

Chiriku, ambaye domo lake halijui likizo, aliacha utani. Alishika ganda lake, akapapasa mahali pa kupitishia waya, ambayo ndiyo kazi yake yeye. Palikuwepo. Akashusha pumzi, akasogeza kiti chake mbali kidogo na Mama Pacha.

Mkanda wa kiwanda ukaanza kutembea. Maganda yakaja moja moja, yakafika mbele ya Mama Pacha, yakampita.