Lebo ya Mzee Kobe

Wanyama walipoanza kupenda kupiga picha, Kakakuona alipewa kazi ya kutunza seva yao, kompyuta kubwa ya kuhifadhia vitu vya wote. Ndani mlikuwa na diski mbili: ya Kasuku ilifurika nyimbo, na ya Kobe ilikuwa na picha moja tu, ya Kobe mwenyewe.

"Mzee Kobe," Kakakuona akambembeleza, "tuziunganishe ziwe ghala moja, kila mmoja nimkatie nafasi anayohitaji."

"Unganisha," Kobe akanuna, "lakini lebo yenye jina langu iliyobandikwa kwenye diski yangu isiguswe. Yule mpiga kelele asije akajisahau!"

Kasuku alifurahi mno, hata akaleta diski ya tatu, mpya, akaitia ghalani.

Mwezi uliofuata mayai ya bintiye Kobe yakaanguliwa: wajukuu arobaini! Kila siku babu akawa anawapiga picha kutwa nzima, mmoja mmoja.

"Umeiona diski yangu?" akajigamba. "Haijai!"

Kakakuona akatabasamu. "Ilijaa juzi, mzee. Wajukuu wako sasa wanalala kwenye diski mpya ya Kasuku."

Kobe akaingiza kichwa gambani. Alipokitoa aliomba kalamu, akaandika jina la Kasuku kwenye ile lebo, juu ya lake.