Poda kwenye Mpira

Fundi Mashaka aliuvuta mlango wa lile gari kuukuu la spoti, ukakataa. Akapitisha kidole ukingoni.

"Bawaba ni nzima, mama. Tatizo ni mpira wa mlango. Umekaa juani siku nyingi, umegandana na bodi. Na vioo ni hivyo hivyo."

"Sijaligusa tangu tumzike Idrisa," alisema Bi Tausi. "Harufu ya mwanangu imo humo. Vioo viache. Nifungulie mlango kidogo tu, niingie nijifungie."

"Nitaufungua kama mwizi, mama."

Akapenyeza ubapa wa mbao taratibu mpaka mlango ukaachia. Kisha, kwa mazoea ya gereji, akaumwagia mpira poda ya watoto usigande tena. Poda ikapeperukia ndani. Bi Tausi akaingia upesi, akafunga.

Alivuta pumzi, akavuta tena. Hakupata jasho la Idrisa, wala zile sigara alizovuta kwa kujificha. Palinuka poda tu, kama shingo yake alipokuwa mchanga.

Mashaka aligonga kioo. "Unaipata, mama?"

Bi Tausi alishika mkono wa kuteremshia kioo ili poda itoke, akauzungusha, akauzungusha tena. Kioo hakikushuka.