Shimo la Kando ya Kitanda

Shaban alikuwa ameziba nyufa zote za chumba. Lilibaki shimo moja kando ya kitanda, kingo zake zimejaa alama za kucha.

Hapo marehemu mkewe alikuwa akibandua udongo na kuula, alipokuwa na mimba.

"Utaniangushia nyumba, bibi we!" alikuwa akimtania.

"Mgombeze mwanao. Ndiye anayeudai."

Mke na mtoto walizikwa siku moja.

"Na hilo lizibe, mwanangu," mama yake alisema sasa, amesimama mlangoni. "Bibi harusi anafika kesho kutoka kijiji cha ujamaa huko Urambo. Asilikute."

Shaban akachota lipu kwa mwiko, akauinua. Mkono ukagoma. Akauweka mwiko chini, akamega kipande cha ukuta, akakitia mdomoni, akatafuna.