Mkonge wa Kiboko, Mgomba wa Ngamia

Zamani, wanyama walipokuwa wakiapa undugu kwa kupeana miche ya kulea, Ngamia wa jangwani alimpa Kiboko wa kinamasini mkonge mchanga. Kiboko naye akampa mgomba. Kila mmoja akaapa kuulea kama mwanawe.

Masika hata hayajaisha, Ngamia akasikia kuwa mkonge wake umeoza. Akafunga safari hadi kinamasini, amefura, na Kobe nyuma yake awe mwamuzi.

"Umemuua mwanangu!" akafoka. "Undugu umekwisha!"

"Mimi, kaka?" Kiboko akalia. "Nilimnywesha asubuhi, mchana na jioni. Alipoanza kuinama nikaona ana kiu, nikamlaza mtoni kabisa."

"Mkonge, mtoni!" Ngamia akamgeukia Kobe. "Unasikia, mzee? Mtu mzima, kinywa kipana hivi, ameshindwa kukifungua aulize!"

Kobe akatikisa kichwa. Kiboko akafuta machozi.

"Nisamehe, kaka. Na mgomba wangu je?"

Ngamia akatabasamu kwa majivuno. "Kwa huyo usiwe na hofu. Nimempandisha juu ya kilima cha mchanga, apate jua lote. Tangu afike sijaruhusu hata tone la umande limguse. Sasa amekauka vizuri, upepo ukivuma analia kama njuga."

Kiboko akaachama. Kobe akakunjua mkeka, akautandika katikati yao.

"Kaeni, wafiwa," akasema. "Matanga mamoja, maiti wawili."