Ushahidi wa Swala

Zamani, wanyama walipokuwa na ligi yao, Mbuni alikuwa mwenyekiti wa timu ya Bondeni. Msimu ulipomalizika, mabeki wake wawili, Ngiri na Nungunungu, walimaliza mikataba, na nafasi ilikuwa moja tu. Mbuni hakumuuliza kocha, maana makocha wana upendeleo. Akaenda kwa aliyekabwa na wote wawili: Swala, mshambuliaji wa Mlimani.

“Ngiri ndiye beki,” Swala akasema, akijishika goti. “Nikimwona tu, miguu inaniishia nguvu. Nungunungu? Ah, mzee wangu, yule nampita huku napiga mluzi.”

Mbuni akarudi ameridhika. Ngiri akapewa mkataba mpya, Nungunungu akaagwa kwa soda.

Timu hizo zilipokutana tena, Swala alimpita Ngiri kila alipotaka, huku anapiga mluzi. Upande wa pili, katika ngome ya Mlimani, alisimama Nungunungu na jezi mpya, na hakuna aliyepita.

Mechi ilipokwisha, Swala alikuja kumpa Mbuni mkono kwa adabu.

“Mwenyekiti, Ngiri mmemsainisha miaka mingapi?”

“Mitatu.”

“Mungu awawekee,” akasema Swala.