Mji Salama kwa Kaarina

Tulikuwa tumekaa saunani, chumba cha mbao chenye mawe ya moto, mvuke umetuzunguka, nikimchagulia mke wangu Kaarina mji wa kutembelea peke yake.

"Kopenhagen ni shwari," nilisema. "Lakini Lisbon watu wana ukarimu. Mwanamke anakula hotelini peke yake na hakuna anayemkodolea macho."

"Umesoma, mzee. Utadhani unauza tiketi."

Nilicheka. Moyoni nilingoja aseme twende wote. Kwetu mjini Turku mtu hajialiki.

Alimwagia maji mawe ya moto. Maji yakachemka, yakakauka papo hapo.

"Asubuhi nimekata tiketi ya Lisbon," akasema, akijifuta jasho shingoni. "Moja. Wiki nzima nimengoja useme unataka kuja."

Niliyatazama yale mawe.

"Umechagua vyema," nikamwambia. "Ni mji salama."